Jumamosi: mtasimama na nani?
Wadau, Jumamosi saa 9 alasiri tunaendelea na mchezo wetu wa kuigiza wahusika katika hadithi, sebuleni kwangu kama kawaida. Mnaolalamika kwamba hamjui adui ni nani, ndiyo raha yenyewe! Walinzi wa bandari wanakamua watu ushuru, lakini ndio hao hao wanaolisha yatima. Waasi wanadai haki, na mliona wenyewe wakichoma ghala la mtama. Kwenye karatasi ya mhusika wako, pale pa wema na uovu paache wazi. D&D (Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii) ya 1974 ilikuwa na pande 3 tu, sheria, kati na vurugu, na hata hizo hapa hazitoshi.

Mganga wetu, barua ya waasi bado iko mfukoni mwako, usijifanye umesahau.

Aliyeondoka na dadu yangu nyekundu ya pande 20 airudishe. Chai ipo, vitafunio mje navyo.