Jani Pekee Halizai Mti wa Mpira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo moja kuhusu mti wa mpira unaopandwa ndani ya nyumba, kwa kuwa maelekezo yanayosambazwa siku hizi juu ya namna ya kuuzalisha yana upungufu unaowapotezea watu muda. Picha ya jani moja lililotumbukizwa katika glasi ya maji, likiwa limeota mizizi myeupe, huwavutia wengi, na ni kweli kwamba jani hilo huota mizizi. Lisilosemwa ni kwamba jani lililochumwa bila kipande cha shina chenye jicho halitachipua kamwe. Litabaki jani lenye mizizi, bichi kwa miezi mingi, huku mwenyewe akiendelea kulitunza na kungoja mti usio na pa kutokea.

Mti huu, ambao wataalamu huuita Ficus elastica, ni wa jamii moja na mkuyu na mtini, wala si ule wa Amazon unaogemwa utomvu wa kutengenezea matairi. Kutoa mizizi ni hulka yake. Huko Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, Wakhasi huielekeza mizizi yake ya hewani ivuke mito hadi iwe madaraja ya kupita watu. Si ajabu basi kwamba hata jani tupu huota mizizi, ila chipukizi hutoka kwenye jicho tu, na jicho hukaa kwenye kifundo, pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina.

Anayetaka mche na akate ncha ya tawi yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 na vifundo viwili au vitatu, kisha aoshe utomvu mweupe mpaka ukome, akiwa amevaa glavu, maana huwasha ngozi na huwadhuru paka na mbwa wanaoutafuna. Majani ya chini yaondolewe, na yaliyobaki yakunjwe na kufungwa kwa uzi, kwa sababu kipande kisicho na mizizi hakiwezi kufidia maji yanayopotea kupitia majani mapana. Kipandwe katika udongo mwepesi wenye mchanga, kifunikwe kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, na kikae mbali na jua kali. Penye joto la kutosha, mizizi huchukua wiki 4 hadi 8.

Kwa mti uliokwisha kurefuka na kupukutisha majani ya chini, mimi hupendelea kuotesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mti. Ganda huondolewa kuzunguka shina, upana wa sentimita 2 au 3, chini kidogo ya kifundo, na utando laini uliobaki hukwanguliwa ili jeraha lisijifunge. Hapo huzungushiwa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, na kufungwa kwa plastiki juu na chini. Maji huendelea kupanda kupitia sehemu ya ndani ya shina, hivyo tawi halinyauki, lakini chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kupitia ganda hukwama juu ya jeraha, na hapo ndipo mizizi huchomoza. Ikionekana imejaa ndani ya plastiki, tawi hukatwa chini yake na kupandwa. Nalo shina lililobaki huchipua upya, mara nyingi kwa zaidi ya tawi moja.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Mimea hii hufa zaidi kwa maji mengi kuliko kwa kiu, kwa hiyo chungu kiwe na matundu, na maji yaongezwe pale tu udongo wa juu unapokauka kina cha sentimita 3 hadi 5. Yenye majani ya mabaka huhitaji mwanga zaidi. Mti uliohamishwa ghafla ukipukutisha majani, wengi hukimbilia kuumwagilia. Heri uachwe mahali pamoja uzoee.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti litakapochapisha tena picha za vipandikizi vya mti huu, kifundo kionekane wazi, na mshale ukionyeshe.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa mimea