Changu naye hutiwa chumvi

Mwanangu Salim,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, na mguu wa bibi yako umepona.

Nina deni lako tangu ukiwa darasa la pili. Ulionja mchuzi wa changu kabla sijautia chumvi, ukakunja uso: "Mama, samaki katoka baharini, mbona hana chumvi?" Nikakufukuza jikoni, maana jibu sikuwa nalo. Juzi tulikuwa na mafunzo ya kufuga samaki aina ya mwatiko, nikamuuliza mtaalamu swali lako.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Damu ya changu haifiki hata nusu ya ukali huo, ni kama theluthi tu. Na chumvi huvuta maji. Umeona vitunguu vya kachumbari vikisuguliwa chumvi vinavyochuruzika. Basi bahari inamnyonya changu maji usiku na mchana, hasa kwenye matamvua, yale mashavu anayopumulia, penye utando mwembamba. Yumo majini na ana kiu! Dawa yake ni kuyanywa hayo hayo ya bahari. Utumbo unafyonza maji na chumvi yake, kisha matamvua yanaisukuma chumvi nje, na mkojo anaukojoa kidogo sana. Matamvua hayo mimi miaka yote nayachomoa namtupia paka.

Sato wenu huko Mwanza shida yake ni kinyume. Maji ya ziwa yanamwingia bila hodi, kwa hiyo hana haja ya kunywa, anakojoa kutwa, na chumvi chache iliyomo majini anaiokoteza kwa matamvua. Mwatiko yeye anaweza kote kuwili. Masika bwawa likapungua chumvi, hababaiki.

Papa ndiye mjanja wao. Damu yake ameijaza yurea, kama ile ya mbolea, hivyo bahari haimnyang'anyi maji. Akishakufa, yurea inageuka amonia. Ndiyo harufu iliyokuwa ikikukimbiza mezani, ukamsingizia bibi yako kwamba kapika kilichooza. Mwombe radhi.

Nimekufungia ng'onda, utawapokea stendi Ijumaa. Hao chumvi nimewatia mimi kwa mkono wangu, tena nyingi. Waroweke usiku kucha, umwage maji, ndipo upike.

Mama yako