Buti si lazima kwa matembezi ya Materuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie sharti lililoanza kuzoeleka katika matangazo ya matembezi ya shule, makanisa na vikundi vya vijana hapa Moshi, kwamba kila anayekwenda kwenye maporomoko ya Materuni, au anayepanda Mlima Kilimanjaro kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kurudi siku hiyo hiyo, lazima awe na buti za mlimani. Wanaoweka sharti hilo wana nia njema, kwani wapo wanaokwenda Materuni na ndala. Hata hivyo linamwingiza mzazi katika gharama ya kiatu ambacho mtoto atakivaa mara moja, kisha kimbane.

Buti ngumu yenye shingo ndefu humfaa anayebeba mzigo mzito au anayepita kwenye mawe makali na baridi, kama wapagazi wetu wanaopanda hadi Kibo. Mwenye chupa ya maji na koti la mvua tu mgongoni haihitaji. Njia ya Materuni hupita katikati ya migomba na mibuni, na ile ya Mandara, kituo kilicho mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, imetengenezwa vizuri na hupita msituni. Tatizo la njia zote mbili ni utelezi, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, na kinachozuia utelezi ni meno ya soli. Raba ambayo meno yake bado ni marefu, na yameachana kiasi cha kutoshikilia tope, inatosha kabisa. Iliyolika soli isichukuliwe hata kama juu inaonekana mpya. Daruga, ambazo baadhi ya vijana huziona ni ujanja, hushika vizuri kwenye tope lakini ni hatari kwenye mawe yaliyolowa karibu na maporomoko.

Jambo linalonisumbua zaidi liko sokoni. Mtu akilazimishwa kuwa na buti, huenda soko la Memorial akachagua ya mtumba ambayo ngozi yake bado inang'aa. Buti nyingi za aina hiyo zina povu la poliyurethani kati ya soli na sehemu ya juu, na povu hilo huharibiwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini miaka mingi bila kuvaliwa. Mnunuzi haoni kitu mpaka afike njiani, soli ibanduke na povu limwagike kama unga. Fundi viatu anaweza kushona soli iliyobanduka, lakini povu lililooza halishiki uzi wala gundi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, kikunje kiatu na ulibonyeze povu kwa ukucha wa kidole gumba. Likipasuka, likinata au likidondosha chembe, kirudishe mezani. Sisemi mitumba isinunuliwe, maana raba nzuri zimejaa pale pale.

Kiatu chochote kijaribiwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, pamoja na soksi zitakazovaliwa safarini. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa sababu wakati wa kuteremka vidole husukumwa mbele na kucha ndizo zinazoumia. Soksi za pamba tupu hushika jasho na kuleta malengelenge. Za sufu au za nailoni iliyochanganywa ni afadhali.

Ningeomba waandaaji waandike katika matangazo yao "viatu vya kufunga kwa kamba, vyenye soli ya meno, ambavyo vimekwisha kuvaliwa", na wakague soli za washiriki siku moja kabla ya safari, ili mwenye kiatu kibovu apate muda wa kuazima kingine.

Msomaji wako,
Moshi