Njoo kiwanda kikifungwa

Jinja,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Busoga. Barua yako imenifikia, na nimecheka sana hapo ulipouliza kama kampuni kubwa ya sukari kama hii humpa mwanagenzi gari. Humpa ovaroli, kofia ngumu, buti za chuma na chakula cha mchana. Posho ya kwenye sahani, yaani ugali, haikosi hata siku moja. Posho ya mfukoni, yaani pesa, ndiyo huja kwa mwendo wake, kwa hiyo usije ukamwahidi mtu pesa kwa kuitegemea hiyo. Mwisho wa mwezi tunaishi kwa kikomando cha getini, chapati ya kukatwakatwa na maharage. Ya pesa yameisha.

Umeuliza uje lini kwa uanagenzi. Hapo nisikilize vizuri, maana wengi hawalijui hili, na wakishaondoka wanalalamika kwamba hawakujifunza kitu. Njoo kiwanda kikikaribia kufungwa kwa matengenezo makubwa. Usije katikati ya kusaga miwa, hata kama ndiyo tarehe chuo kilichokuandikia. Waombe waisogeze.

Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo kila kitu hapa ni haraka. Matrekta yamepanga foleni mpaka nje, na kila saa kinu kinaposimama kuna mtu juu ataulizwa. Nani atakizima ili mwanafunzi achungulie ndani? Basi mwanagenzi anapewa ufagio aondoe makapi chini ya mikanda, au daftari aandike namba: presha ya boila, joto la beringi, saa baada ya saa. Mwenzetu mmoja wa umeme alimaliza muda wake wote akibadilisha taa. Cheti kapata.

Wanaofaidi hata wakati wa kusaga ni watu wa kuchomea vyuma. Rola za kinu zina meno, na miwa huyalainisha. Yakilainika, rola inateleza, haishiki. Fundi anakaa kando ya rola ikiwa inazunguka, maji ya miwa yanamrukia, naye anaidondoshea matone ya chuma kigumu kwa elektrodi ili ipate ukali tena. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ameadhibiwa.

Mvua zikizidi mambo hugeuka. Malori yanakwama mashambani, miwa haifiki, ndipo matengenezo yanatangazwa. Boila inapozwa, rola zinanyanyuliwa kwa kreni, vifuniko vyote vinafunguliwa. Ghafla mafundi hawatoshi, na yule wa ufagio anakabidhiwa spana.

Mimi nilipelekwa kwa mzee mmoja wa Tororo anayeshughulikia tabaini. Unajua kiwanda cha sukari ni kituo cha umeme vilevile: makapi ya miwa yanatoka kinuni yakiwa karibu nusu yake ni maji, na bado yanawaka vizuri kwenye boila, mvuke unazungusha tabaini, umeme unaendesha kiwanda, na unaobaki unauzwa kwenye gridi. Siku ya kuzima nilitegemea wafunge mvuke twende nyumbani. Mzee akakataa mtu asiondoke. Shafti ya tabaini ikiachwa itulie ikiwa ya moto, juu hubaki na joto kuliko chini, inapinda. Kwa hiyo huzungushwa polepole, saa nyingi, mpaka ipoe. Tuliilinda usiku kucha, na yeye hakusinzia.

Baadaye tukaja kwenye kazi ya kulinganisha tabaini na gia. Shafti mbili zinazokutana kwenye kaplingi, kile kiungo chao, lazima zilale kwenye mstari mmoja, na kosa hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Unafunga geji ya sindano upande mmoja, unazungusha robo robo, unasoma juu, kando, chini, kando, kisha unaongeza au kupunguza vibati vyembamba chini ya miguu ya mashine. Hesabu yake tuliifanya wote chuoni, na mimi niliingia na kalamu nikijiona. Nikapata namba safi, sifuri kila upande. Mzee akazitazama akaniuliza, "Na ikipata moto?" Tabaini ikiingia mvuke inatanuka, inanyanyuka. Ndiyo maana ikiwa baridi huachwa chini kidogo, kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha mtengenezaji, ili ikichemka ndipo ilingane. Nilikuja kujua baadaye kwamba swali hilo humuuliza kila mwanagenzi, na bado hajampata wa kumjibu.

Jambo jingine ambalo nawasifu hawa wakubwa ni makufuli. Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, unafunga swichi yake kwa kufuli lako na ufunguo unakaa nao mwenyewe. Mkiwa kumi, makufuli kumi, na mpaka wa mwisho atoe lake mashine haiwaki, hata meneja akipiga kelele. Kaka yako wa Katwe, kule kwa mafundi wa jua kali wa Kampala, atakuundia mashine ya popcorn kutoka kwenye vyuma chakavu, mimi siwezi. Lakini sijaona kufuli kule.

Kuhusu Karuma, kile kituo cha umeme wa maji unachokifikiria, najua ni karibu zaidi na kwenu Arua na jina lake linavutia: megawati 600, mitambo sita chini ya ardhi, imezinduliwa Septemba 2024. Sikukatazi. Ila fikiria: mitambo ni mipya, na mgeni atawekwa mbele ya skrini. Kwa mtu wa mekanika kama wewe, mahali penye mashine kuukuu zinazougua mara kwa mara pana faida zaidi. Ungekuwa mtu wa umeme ningekushauri vingine.

Lugha isikutie hofu. Ofisini ni Kiingereza, uwanjani Kiswahili na Kisoga vinapokezana. Kiswahili chetu cha Arua wanakicheka kidogo, lakini wanakielewa. Vijana wa kwetu West Nile ni wengi kwenye boila.

Sasa fanya hivi. Barua ya chuo iseme wazi unataka idara ya matengenezo, isiseme tu "kiwandani", la sivyo utapelekwa palipo na nafasi. Weka nakala ya kitambulisho cha taifa na matokeo yako. Ukifika, kitabu chako cha kumbukumbu za kazi kisainiwe kila Ijumaa. Msimamizi akihamishwa zamu, kumpata akusainie yaliyopita ni kazi nyingine. Na usisubiri kupangiwa. Kwa mzee huyu mimi nilijiombea kwa mdomo wangu, kwenye foleni ya chakula.

Chumba changu kiko Bugembe, kina nafasi ya godoro la pili, kodi tutagawana. Nijibu kabla mwezi haujaisha ili nikuulizie tarehe ya kufunga. Msalimie mama, na umwambie ile asali aliyoniahidi bado namdai.

Wako wa siku zote.