Ndege iliyolala masika yote: usiiwashe kabla hatujaonana

Ikifika Juni, mvua zimekata na Meru imeanza kuonekana asubuhi, simu yetu haipoi. "Fundi, nataka kuruka Jumamosi. Ndege haina tatizo lolote, ilikuwa imelala tu tangu Machi." Hayo maneno "imelala tu" ndiyo yanayotukosesha usingizi sisi.

Karakana yetu iko Kisongo, Arusha, na kazi yetu kubwa ni ndege za zamani za injini moja: Cessna 172, 182, 206, na Piper mbili tatu. Zote ni watu wazima. Cessna waliacha kutengeneza ndege ndogo za injini ya pistoni mwaka 1986, wakarudi tena 1996, kwa hiyo 172 ya zamani unayoiona uwanjani ina umri wa kuwa na wajukuu. Umri wenyewe hautuogopeshi. Tumewahi kushika ndege ya miaka ya 1960, rangi imechakaa, zulia limetoboka, ikaingia na kutoka na kazi ndogo kwa sababu mwenyewe anairusha kila wiki. Tumeshika na nyingine changa kuliko hiyo, viti vya ngozi, saa chache kwenye daftari, ikatutoa jasho miezi mitatu.

Wanunuzi wengi huulizia saa chache kwanza. Sisi tungeulizia ndege ilikaa wapi, na ilikaa muda gani bila kuruka.

Kuna mzee mmoja wa Moshi, mstaafu, anayeipenda 172 yake kupita kiasi. Alitua Kisongo asubuhi moja akatukuta tunakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hii kitu siku hizi haipandi. Hebu niangalizieni plagi."

Plagi zilikuwa safi. Magneto zote mbili, zile zinazozipa plagi cheche, zilikuwa nzuri. Tukamwaga oili, tukafungua filta. Filta ya injini ya ndege haitupwi hivi hivi: tunalikata kopo lake kwa kifaa kinachofanana na kile cha kufungulia mikebe, tunatoa karatasi ya ndani iliyokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono, tunaitandaza mezani. Tukaitoa nje juani. Mzee aliinama pamoja nasi. Kwenye mikunjo kulikuwa na chembe zinazometa, nyembamba kama magamba ya dagaa. Fundi wetu akapitisha sumaku, zikaikimbilia. Hapo kila mtu akanyamaza, maana kinachokimbilia sumaku ni chuma, na chembe za chuma ndani ya injini hazina mahali pazuri pa kutoka.

"Lakini mimi naiwasha kila Jumamosi," mzee akasema. "Dakika kumi, kumi na tano, mpaka ipate moto. Hata siku za mvua sikosi."

Tulimwambia taratibu, maana ni mzee wetu, kwamba hizo Jumamosi ndizo zilizomponza.

Sababu ni hii. 172 nyingi kama hii zina injini ya Lycoming, na kwenye Lycoming kemshafti, ule mhimili wenye vinundu vinavyosukuma valvu, imekaa juu ya krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Injini ikizimwa, oili yote hushuka chini. Kemshafti inabaki huko juu na utando mwembamba tu wa oili, nao huendelea kuchuruzika siku hadi siku. Huku injini inapumua: mchana joto, usiku baridi, hewa inaingia na kutoka. Hewa ya masika imejaa maji, na ikikutana na chuma kilichopoa usiku, umande unalala juu yake. Kutu huanza kwa vidoti ambavyo macho ya kawaida hayavioni. Siku utakapowasha, tapeti, kile kipande kinachosukumwa na kinundu, inasuguliwa juu ya vidoti hivyo kwa nguvu ya springi ya valvu, uso wake unaanza kubanduka, na mabanduko ndiyo hayo tuliyoyaona juani. Kinundu kikilika, valvu haifunguki inavyotakiwa, silinda haipati hewa ya kutosha, na mwenye ndege anasema haipandi.

Sasa ongeza dakika kumi za Jumamosi. Petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji, mengi yakitoka kwenye ekzosi kama mvuke. Sehemu ndogo hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Ndege ikiruka saa nzima, oili inapata joto la kutosha na mvuke huo unafukuzwa. Ukiwasha chini kwa dakika kumi, unautengeneza mvuke halafu unazima kabla haujatoka. Kila aliyewahi kupika wali anajua: zima jiko mapema, acha mfuniko, kisha ufunue baada ya saa moja uone matone yaliyoning'inia. Kwenye injini, mfuniko ni hiyo kemshafti.

Lycoming wenyewe wanasema ndege ya kawaida iruke angalau mara moja kila siku 30, saa moja mfululizo, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi, na kwamba kuwasha chini hakuchukui nafasi ya kuruka. Kwa masika ya huku kwetu, hasa Moshi ambako unyevu wa mlimani unashuka hadi uwanjani, sisi tunamshauri mteja asivuke wiki mbili. Hayo ni maoni yetu, si kanuni.

Na kuna wale wasiowasha ila wanazungusha propela kwa mkono "ili oili itembee." Haitembei. Pampu haina kasi ya kuipandisha, na unachofanya ni kufuta ule utando kidogo uliobaki juu ya kemshafti. Tena magneto yenye waya mbovu wa kuzimia inaweza kupiga moto hata kama ufunguo uko mfukoni mwako, na propela haisamehi mkono. Tafadhali iacheni.

Watu hushtuka wanapoona ankara. Tapeti ni kitu cha ukubwa wa kizibo cha soda. Kwenye nyingi ya injini hizi, huwezi kuitoa bila kung'oa injini yote na kupasua kasha lake katikati, na ukishapasua hapo, hakuna fundi mwenye akili atakayerudisha vipande vingine vya zamani bila kuvipima kimoja kimoja. Kazi ya namna hiyo inaweza kula nusu ya bei ya ndege yenyewe, spea zinatoka nje, na miezi inapita. Mzee wa Moshi alilipa. Hatukufurahia kumpokea fedha hizo hata kidogo, ingawa tulizipokea.

Kwa hiyo kama unajua utasafiri, au fedha ya mafuta haipo, au basi tu masika hayakupi nafasi, niambie Februari nikulazie ndege vizuri. Tunabadilisha oili chafu kwanza, maana oili iliyotumika ina asidi, tunaweka ya kuhifadhia na kuirusha ndege ienee. Kisha plagi za juu zinatoka na mahali pake tunafunga vichupa vya silika jeli, zile punje za bluu zinazogeuka waridi zikishanywa unyevu. Ekzosi na mdomo wa hewa tunaviziba, betri inatoka, tairi zinajazwa. Kila kiziba tunakifunga utepe mwekundu mrefu, kwa sababu kuna mtu, na si lazima awe mzembe, atakayesahau kimoja. Kila wiki mbili tunapita kuangalia rangi ya punje. Gharama ya haya yote hata haikaribii ya tapeti moja.

Kama umechelewa na ndege imeshalala bila kulazwa, usiiwashe. Hata mara moja "kusikia inavyolia." Tupigie tuje tuishughulikie taratibu. Tunaingiza kamera ya waya kwenye matundu ya plagi kutazama kuta za silinda na valvu za ekzosi, tunakata filta, ndipo tunaamua.

Tukiwa hapo tunaangalia na wapangaji. Manyigu wanapenda sana kile kibomba cha kupimia kasi chini ya bawa. Wakikijaza udongo, rubani anakimbia barabara nzima huku mshale wa kasi umelala sifuri. Ndege wa manyoya hujenga chini ya boneti, na nyasi kavu karibu na ekzosi ni moto unaosubiri kiberiti. Panya nao hupenda waya na masufi ya viti.

Maji kwenye tangi ni jambo la peke yake. Mipira ya vifuniko vya juu ya bawa huzeeka, mvua inapita. Chota mafuta kutoka kila koki ya chini kwenye chupa inayoonyesha, uinue juu: petroli ya ndege ni ya bluu, na maji yanajikusanya chini yake bila rangi. Usipoona mstari wa kutenganisha usifurahi haraka, chupa inaweza kuwa imejaa maji matupu. Linganisha rangi na karatasi nyeupe. Kwa 182 za zamani zenye matangi ya mpira tunatikisa mabawa kabla ya kuchota, kwa kuwa mikunjo ya mpira huficha maji mpaka pua ya ndege inapoinuka.

Na reli za viti, kwa Cessna. Matundu yake hulika, pini ya kiti inashika nusunusu, na wakati wa kupaa kiti kinateleza nyuma pamoja na rubani aliyeshika usukani. Mikono inavuta, pua inainuka, miguu haifiki kwenye pedeli. Marekani walitoa agizo la lazima la kukagua reli hizo tangu 1987, na bado tunakutana na ndege ambazo hazijaguswa. Kabla hujapaa, jisukume kwenye kiti kwa makalio mbele na nyuma. Usione aibu mbele ya abiria.

Neno moja kwa wanaokuja kutoka Moshi. Uwanja wenu uko takriban meta 850, Kisongo ni karibu 1,390, yaani futi 4,550. Mchana wa nyuzi 28, injini na mabawa yanajiona yako futi 7,000 na kidogo, na zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu imeshapotea kabla hujagusa chochote. Ukisukuma mkono wa mchanganyiko wa hewa na mafuta mpaka mwisho kwa mazoea ya kwenu, injini inabanwa na mafuta mengi, plagi zinaota uchafu wa madini ya risasi, na ukipima magneto moja moja injini inatetemeka. Wateja kadhaa wameshatulilia kwamba magneto imekufa. Tuliwaambia wapunguze mafuta kama kitabu cha ndege yao kinavyoeleza, waache injini iungurume kidogo, wapime tena. Wakaenda zao. Hatukuwatoza.

Mzee wetu sasa huruka Alhamisi, saa moja asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika Kibo. Anazunguka saa nzima akiutazama mshale wa joto la oili, anatua, anatutumia picha ya mshale huo. Hatujamwomba, ila tumezoea, na Alhamisi picha isipofika tunampigia.

Ukija kwetu, njoo na madaftari yote ya ndege, injini na propela, hata yale ya miaka ya 1970 yaliyoliwa na mchwa pembeni. Na usiioshe kwanza. Doa la bluu chini ya bawa na mstari wa oili kwenye tumbo vinatuambia mengi, na wengi hutuletea ndege imeng'arishwa mpaka hatuna pa kuanzia.