Nyumba za mpito kwa waraibu ziwekewe fungu la bajeti

Mhariri,

Serikali inapogharimia matibabu ya uraibu, kisha ikamwacha mgonjwa asiye na makao arudi kulala barabarani, inapoteza fedha ilizokwisha kutumia na kumweka mtu huyo hatarini, kwa kuwa mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupungukiwa na ustahimilivu wake kwa dawa hiyo, na kipimo alichokizoea zamani chaweza kumuua. Naomba nyumba za mpito, yaani makazi ya muda kwa wanaotibiwa uraibu, zigharimiwe kwa bajeti ya umma, zisiachiwe wafadhili ambao misaada yao hukatika wakati wowote. Anayetibiwa kwa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, hutakiwa, hasa mwanzoni, kufika kliniki kila siku. Atawezaje, ilhali hajui atalala wapi? Wala mkazi asifukuzwe kwa kuteleza mara moja, kwani kurudia matumizi ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu.

Msomaji wako