Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2023

Wazee wetu shikamooni. Ndugu wanachama, kina mama na vijana, asalaam aleikum.

Futari ya pamoja ilifanyika, darasa la Kiswahili la watoto liliendelea, na kwenye misiba tulishikana kama kawaida. Haya mnayajua, sitayarefusha.

Ninalotaka kulieleza ni safari ya Mei kwenda Spalding, mji wa Lincolnshire hapa Uingereza, maana maneno yamekuwa mengi. Imesemwa kwamba mwenyekiti amewanyima watu bahari ya Skegness akawapeleka kuangalia maua. Naomba nisikilizwe. Gwaride la maua la Spalding lilianza 1959, likasimama baada ya 2013, na mwaka huu ndio limerejea. Skegness ipo kila kiangazi. Hoja niliitoa mimi, kamati ikaipitisha, na bado naisimamia.

Waliokuja wanajua walichokiona. Zamani wakulima wa huko walikata vichwa vya maua ya tulipu vikiwa shambani ili nguvu yote irudi kwenye matunguu, yaani vile viazi vya chini vya kupandia, kwa kuwa biashara yao ilikuwa matunguu. Vichwa vilivyokatwa ndivyo vilivyochomekwa kwa maelfu kwenye magari ya gwaride. Mzee wetu mmoja wa Pemba alipoelezwa hivyo alisimama akawaeleza vijana jinsi karafuu nayo inavyochumwa kabla ua halijachanua. Vijana wetu walimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ukumbini humu sijaliona.

Pilau tulikula kwenye bustani za Ayscoughfee, kando ya Mto Welland, na kiingilio hakuna. Kina mama wakamalizia kwenye maduka ya Springfields, mahali palipofunguliwa 1966 kama bustani ya maonyesho ya wakulima wa maua.

Sasa machungu. Walioandikisha majina ni 41, waliopanda basi 23. Basi tulilipia lote. Simu nilizopiga asubuhi ile hazikupokelewa. Na nauli ile mimi mwenyewe nilimsihi mwenye basi akapunguza pauni 70. Hilo sijasikia likitajwa na wanaolalamika.

Ada: wanachama 62, waliolipa pauni 30 zao ni 24. Mapato ya ada 720, michango 415, matumizi 1,040, salio 95. Kwa salio hilo msiba ukitokea kesho tutachangishana upya, na wadaiwa ndio huwa wa kwanza kuuliza chama kiko wapi.

Mwakani, Mungu akipenda, tungependa kurudi upande ule. Muda haukutosha kuona mashine ya mvuke ya Pinchbeck ya 1833, iliyotoa maji mashambani hadi 1952, wala kinu cha upepo cha Moulton, ambacho mnara wake ni mrefu kuliko vinu vyote vya aina hiyo Uingereza. Safari hiyo majina yataandikwa kwa fedha taslimu tu.

Mweka hazina yuko mezani karibu na mlango, na kitabu cha risiti anacho.

Wasalaam,
Mwenyekiti